Zege Juu ya Boriti Mbovu

Tangu zege lile limwagwe katika chumba cha juu cha nyumba ile ya mji wa kale wa Bagamoyo, upande wa bahari, nimesikia mengi ya kuisifu kazi, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni za haki. Lakini maadamu safu hii haikuanzishwa kwa ajili ya kupeleka pongezi, na maadamu wasomaji wengi walisimama njiani wakaitazama kazi kwa macho yao tangu mabati ya zamani yaliposhushwa hadi vigae vilipong'arishwa, sina budi kusema bila ya kuzunguka kwamba uamuzi wa kuifunika sakafu ya chokaa kwa zege la inchi nne, hali vichwa vya boriti katika ukuta wa kaskazini havijafunuliwa, ulikuwa uamuzi mbaya, na kwamba ubaya wake hauponywi na uzuri wa kila jambo jingine lililotendwa katika jengo lile.

Yaliyo mema nayataja kwa pamoja, kwa kuwa hayahitaji mtetezi: paa jipya limelala sawasawa, mlango wa nakshi umeoshwa na kupakwa mafuta bila ya kutiwa rangi, ngazi imeungwa kwa mbao ngumu mahali ilipolika, na lipu ya nje ni ya chokaa na mchanga tupu, haina saruji hata kijiko. Mafundi hawa, basi, si wababaishaji. Ni watu wanaojua kazi, ambao asubuhi moja, kwa haraka ya masika yaliyokuwa yanakaribia na kwa shauku ya mtu aliyetaka sakafu iliyonyooka ya kupigia vigae, waliuweka ujuzi wao kando.

Tuirudie asubuhi ile polepole. Dalili za uozo zilikuwa zimekwisha kujidhihirisha zamani: kabati kubwa lililoegemea ukuta wa kaskazini lilikuwa limezamisha miguu miwili ya nyuma kiasi cha unene wa kidole, na huko chini, katika dari ya ukumbi, doa la rangi ya chai lilikuwa likitambaa kutoka ukutani kuelekea katikati. Mafundi walifanya lililo wajibu wao, wakabandua sakafu katika pembe ile, wakazikuta boriti mbili za mwanzo zimekwisha. Waliokuwepo waliona jinsi kichwa cha boriti ya kwanza, kilipovutwa kutoka ukutani, kilivyovunjika mkononi vipande vya pembe nne, rangi ya kahawa iliyokaangwa, vikavu kwa nje na vyenye unyevu kwa ndani, na baina ya vipande hivyo zimetanda nyuzi nyeupe za kuvu. Boriti hizo mbili ziliondolewa na mpya zikatiwa mahali pake, kazi safi. Na hapo ndipo ilipofika zamu ya swali lililostahili kutangulia maswali yote: je, hizi nyingine, ishirini na kitu, zikoje?

Jibu lilitafutwa kwa nyundo. Kijana mmoja alipita chini ya dari akigonga boriti moja moja na kutega sikio, na kila iliyolia vizuri aliitia alama ya chokaa. Mzee mmoja, seremala wa vyombo aliyekwisha kustaafu, aliyekuwa amekaa barazani na bakora yake, akamwita.

"Mwanangu, ile ya tano umeionaje?"

"Nzima, babu. Nimeigonga, inalia."

"Umeigonga wapi?"

"Hapo katikati, babu."

"Basi umeuliza katikati. Kichwani hujauliza."

Kijana alicheka kwa adabu, msimamizi akasema kwamba mvua haimngoji mtu, na uchunguzi ukaishia hapo.

Mzee alikuwa na haki, na haki yake haina uganga ndani yake. Boriti ya mkoko au ya msindi ikikaa hewani, ndani ya chumba kinachopitisha upepo wa bahari, yaweza kudumu umri wa baba, mwana na mjukuu, kwa kuwa mti wenyewe ni mzito, na ukali uliomo ndani yake, ule ule ambao watengeneza ngozi waliutafuta katika gome la mikoko, huwachukiza wadudu. Kuvu haujali ukali huo maadamu unapata maji: mti ukiwa na unyevu unaopita asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu huamka ukala, unyevu ukiwa chini ya hapo, hulala. Sasa kichwa cha boriti, shubiri ile ya mwisho, kimezikwa ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu, nao mti hunywa kwa nchani, kule ulikokatwa, upesi zaidi kuliko ubavuni. Mlizamu ukivunjika juu ya ukuta, kama ulivyovunjika wa nyumba ile ukaachwa umwage misimu kadha wa kadha, vichwa vyote vya upande huo hunyweshwa pamoja, hali matumbo ya boriti, yaliyo mbali na ukuta, yanabaki makavu na yanalia vizuri kwa kila nyundo. Kichwa huulizwa kwa keekee nyembamba inayopigwa kwa mshazari kufuata ukuta, au kwa msumari wa inchi sita ulionolewa ncha, unaosukumwa kwa kiganja pale boriti inapoingia ukutani. Ukizama kwa nguvu za kiganja peke yake, jibu limepatikana, wala hakuna haja ya kumwita mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Msumari huo haukusukumwa. Liliamuliwa zege, na namwomba msomaji anifuate katika kila tabaka lake. Juu ya sakafu ya kale, ambayo haikuondolewa, ilitandazwa nailoni nyeusi. Juu ya nailoni ukafungwa wavu wa nondo. Juu ya wavu zikamwagwa inchi nne za zege, na juu ya zege, baada ya majuma machache, vikaja vigae. Hoja iliyotolewa siku ile, na ambayo bado inarudiwa vijiweni na watu wenye akili zao, ni kwamba zege lenye nondo hujibeba lenyewe, kwa hiyo boriti, ziwe nzima au ziwe mbovu, zimekwisha kupewa ruhusa ya kupumzika. Hoja hiyo ni sahihi katika nyumba ya matofali ya saruji, ambamo zege huingia ukutani na kulala juu ya mkanda wake wa zege uliozunguka kuta zote. Pale halikuingia. Mafundi walichelea kuuchimba ukuta wa matumbawe, na katika kuchelea huko walikuwa na busara, kwa sababu ukuta huo ukitiwa mfereji katika urefu wake wote hupoteza nguvu. Lakini busara hiyo ilipasa kuwafikisha kwenye natija ya kwamba zege halifai, nao wakalimwaga hivyo hivyo, wakalikomesha kwenye lipu. Basi linajibeba juu ya nini? Halikushikwa na ukuta wa kaskazini wala wa kusini. Limelala juu ya sakafu ya chokaa, nayo sakafu imelala juu ya boriti, nazo boriti zimelala juu ya vichwa vyake, navyo vichwa hakuna aliyevitazama.

Hesabu yake ni nyepesi. Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Chumba kile, kama vyumba vyote vya namna yake kutoka Lamu hadi Kilwa, upana wake hauzidi sana ziraa sita, yaani kiasi cha mita 2.7, kwa kuwa huo ndio upana ambao boriti ya kawaida huweza kuuvuka ikiwa na mzigo. Urefu wake ni mita 7. Inchi nne ni sentimita 10. Zidisha, utapata kilo zaidi ya 4,500, sawa na kuegesha Canter iliyojaa kokoto chumbani usiku na mchana, isiondoke. Atakayenijibu kwamba sakafu ya kale nayo ni nzito atakuwa amesema kweli, tena ni nzito kulipita zege lenyewe, kwa kuwa mawe na chokaa vilipangwa kwa unene wa shubiri moja na zaidi. Na hiyo ndiyo hoja yangu. Boriti zilikuwa zikichukua mzigo wake wa halali tangu nyumba ilipojengwa. Kuziongezea zaidi ya nusu ya mzigo ule, tena katika juma lile lile ambalo mbili miongoni mwazo zimethibitika kuwa unga, ni jambo ambalo fundi wa zamani asingelitenda hata kwa kulipwa maradufu.

Kuhusu nailoni nitasema machache. Iliwekwa ili maji ya zege yasishuke, na kwa saa chache hizo ilifanya kazi yake. Lakini kwa miaka yote itakayofuata itafanya kazi nyingine, ambayo haikuombwa, ya kuyazuia maji ya ukutani yasipande na kupotelea hewani. Na kwa kuwa upande wa chini nao ulifunikwa kwa jipsamu, vichwa vile sasa vimo ndani ya sanduku lililofungwa juu na chini, na ufunguo wake ni ukuta ulio maji.

Wasomaji wa siku nyingi watanivumilia nikiurudia ugomvi wangu wa zamani na jipsamu. Dari ya boriti ni kitabu kilicho wazi: doa likiingia utaliona, boriti ikipinda utaiona, unga wa bungua ukianguka juu ya mkeka utaufagia na kujua umetoka wapi. Tangu hoteli za pwani, kutoka Mbegani hadi Kunduchi, zilipoanza kuona haya kwa boriti na kuzificha kama aibu ya ukoo, mafundi wetu wamejifunza kutengeneza vyumba ambavyo hasara yake huonekana siku moja tu, siku ya kuanguka. Kuna na ugomvi mwingine, wa mchanga wa ufukweni unaochotwa usiku na kutiwa katika zege lenye nondo, ambao chumvi yake huzila nondo kwa kutu hata zege likapasuka kutoka ndani. Huo sitaufungua leo, kwa kuwa mchanga wa kazi hii, kwa haki yao, uliletwa kutoka bara.

Wapo watakaosema kwamba boriti ni adimu. Ni kweli kwamba mikoko ni misitu ya hifadhi, na ukataji wake unahitaji kibali. Zimekwisha siku ambazo majahazi ya Kuwait na Suri yalijaza matumbo yao kwa boriti za Rufiji na kurudi nazo Arabuni kwa pepo za kusi. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi wa Kuwait mwaka 1939, aliyaona mambo hayo kwa macho yake katika delta ya Rufiji, akayaandika, na anayemsoma ataelewa jinsi nyumba za Ghuba ya Uajemi zilivyosimama kwa miti ya kwetu. Lakini uadimu huo hauwatetei wenye zege hata kidogo, kwa kuwa dawa ya kichwa kilichooza haitaki boriti mpya. Inataka mirunda ya kuitegemeza sakafu kwa muda, na mhimili mmoja wa mbambakofi au wa mti mwingine mgumu, wenye urefu wa chumba, unaolazwa kando ya ukuta chini ya boriti zote, umbali wa kiganja kutoka kwenye lipu, ukipokewa na mawe yaliyotokezwa ukutani au na nguzo fupi zinazosimama sakafuni chini. Boriti zikishapumzika juu ya mhimili huo, vichwa vilivyooza hukatwa na kutolewa, matundu yake huachwa wazi yapigwe na upepo mpaka ukuta ukauke, kisha huzibwa kwa mawe na chokaa. Dari hushuka kidogo upande ule, na mwenye macho makali ataona mhimili. Na auone! Utakuwa ushahidi wa kwamba pale palikuwa na ugonjwa na pana tiba. Gharama yake ni chini ya ile ya nondo, saruji na vigae, na mti wenyewe waweza kununuliwa kwa risiti.

Hapo ndipo ninapowakumbuka waliotutangulia, na sioni haya kuwapenda kuliko hawa wa leo. Sakafu ile iliyofichwa chini ya nailoni haikumwagwa kwa mashine asubuhi moja. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo hadi yakawa chokaa, chokaa ikamwagiwa maji na kuachwa ipoe na kulainika kwa muda mrefu, ndipo ikachanganywa na mawe na kutandazwa juu ya boriti; kisha wakaja watu, wanaume kwa wanawake, wakajipanga kwa safu, kila mmoja na kipande cha mti mkononi, wakaitwanga kwa mwendo wa nyimbo na ngoma, siku baada ya siku, mpaka maji yakapanda juu na uso ukakaza. Sakafu ya namna ile ikipasuka huzibika kwa chokaa ile ile, ikilowa hukauka, ikizama mahali humwambia mwenye nyumba kwamba chini yake pana boriti inayoomba msaada. Hii ya mwisho ndiyo fadhila yake kubwa kupita zote, nayo ndiyo iliyouawa kwanza, kwa kuwa zege halizami. Zege hungoja.

Na kwamba mti ndio mahali pa udhaifu katika majengo yetu, wazee walilijua hilo, na aliye na shaka ahesabu kilomita chache kusini mwa mji aende Kaole, kwenye magofu aliyoyachimba Neville Chittick mwaka 1958. Atakuta kuta za msikiti ambao wataalamu huuweka katika karne ya 13. Atakuta mihirabu na makaburi yenye minara. Hatakuta dari hata moja. Chokaa na matumbawe yamebaki, boriti zimekwenda, na zilipokwenda zilichukua kila kilichokuwa juu yake. Boma la Wadachi, lililojengwa mwaka 1897 kwa majivuno yote ya dola, nalo lilikuja kuporomoka sehemu. (Emin Pasha, aliyeanguka kutoka ghorofani hapa Bagamoyo mwezi Desemba 1889 katika karamu ya kumpokea yeye na Stanley, akapasuka kichwa, simhesabu: sakafu haikumkosea, macho yake ndiyo yaliyomdanganya dirishani.)

Najua jibu la mwisho la msimamizi, kwa kuwa nimelisikia katika kazi nyingine: kwamba kufunua ukuta mzima kungekuwa hatari kwa watu waliokuwamo ndani. Hofu hiyo naiheshimu. Jengo la kale huwa dhaifu zaidi katika siku zile linapotengenezwa, na hakuna mtu wa pwani hii asiyejua yaliyotukia Unguja tarehe 25 Desemba 2020, wakati sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883 lililostahimili hata mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, ilipoporomoka huku matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Lakini hofu ya namna hiyo huamrisha mirunda, tena mirunda kabla ya nyundo ya kwanza, kabla ya kubandua, kabla ya kutoa hata boriti moja. Haiamrishi tani nne na nusu za zege juu ya mahali panapohofiwa. Katika kazi hii mirunda iliwekwa chini ya zile boriti mbili zilizobadilishwa tu, na ikaondolewa siku ya pili ili jipsamu ipate nafasi.

Kwa hiyo namwomba mwenye nyumba, ambaye nia yake ilikuwa njema na ambaye ametumia mali nyingi kuinusuru nyumba ya jadi yake wakati wenzake wanaziacha za kwao zianguke wapate kuuza viwanja, asiwasikilize wanaomwambia kwamba kazi imekwisha. Kabla ya masika aondoe jipsamu upana wa ziraa moja kando ya ukuta wa kaskazini, aweke mirunda, asukume msumari katika kila kichwa, na palipo na uozo atie mhimili. Asimlaze mtu katika ukumbi wa chini mpaka hayo yafanyike. Na kabla ya yote hayo apeleke fundi juu leo, na ngazi, akaurekebishe mlizamu, kwa kuwa katika matengenezo yote yale, pamoja na paa jipya, mlizamu haukuguswa, na mvua ya juma lililopita iliushuka ukuta ule ule.